Nini kinawauma usiku? Mjueni mdudu kabla ya kununua dawa

Mtu akiwashwa usiku tatu mfululizo, mbio zake za kwanza ni dukani. Anarudi na kopo la dawa, anafunga madirisha, anapuliza chumba kizima mpaka uvunguni. Wiki mbili zikipita vipele viko palepale na watoto wameanza kukohoa. Ukichunguza, dawa ilinunuliwa kabla mdudu hajajulikana, na pengine aliyekuwa akiuma hakuwa amejificha chumbani humo kabisa.

Utitiri hawaondoki kwa kupuliza godoro wakati kiota cha njiwa kiko juu ya dari. Upele hauondoki kwa kupuliza kitu chochote, kwa kuwa mdudu wake anaishi ndani ya ngozi. Viroboto watakufa leo, kisha kesho watoke wengine kwenye vifuko vyao sakafuni. Kila mmoja ana maskani yake na udhaifu wake. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa dalili: tafuta inayofanana na ya nyumbani kwako, uanzie hapo.

Jambo moja la kushika mapema: kipele peke yake hakimtaji mdudu. Hata daktari mzoefu akiangalia vipele tu hawezi kuapa kuwa ni vya kunguni na si vya kiroboto. Miili nayo haifanani. Mume na mke wanaweza kulala kitanda kimoja, wakaumwa wote, mmoja akavimba na mwingine asionyeshe alama yoyote. Alama za kunguni wakati mwingine huchelewa, hata hadi siku 14. Ile hoja ya "mbona mwenzangu haumwi" isikufanye uache kukagua kitanda.

Kwanza, mkamate

Vifaa unavyo tayari: tochi ya simu, selotepu inayoonyesha (isiyo na rangi), karatasi nyeupe, na kadi ngumu, hata ya benki iliyoisha muda. Weka kengele ya saa tisa usiku. Washa tochi ghafla, funua shuka, angalia haraka kwenye mishono ya godoro, pembe za chandarua na ubao wa kichwani. Mchana pitisha ncha ya kadi kwenye nyufa za kitanda na maungio ya chaga, huku karatasi nyeupe iko chini. Kitakachodondoka kibandike kwa selotepu juu ya karatasi, kisha andika pembeni umekipata wapi na saa ngapi.

Piga picha kwa simu, uikuze, uhesabu miguu. Kunguni, kiroboto na chawa wana miguu sita. Utitiri, kupe na papasi waliokomaa wana minane. Kisha angalia umbo. Kunguni amebapa kama punje ya dengu iliyokandamizwa kutoka juu. Kiroboto amebapa ubavuni, na ukimgusa anaruka. Utitiri ni kinukta kinachotembea, chini ya milimita moja, na ukikiminya kwenye karatasi baada ya kushiba kinaacha mstari mwekundu.

Jiulize pia: wanawashwa wangapi, saa ngapi, na sehemu gani ya mwili? Majibu hayo, pamoja na kile kilicho kwenye selotepu, karibu kila mara yatakupeleka penye sehemu moja ya hizi zinazofuata.

Vipele mikononi, shingoni na mgongoni asubuhi, na madoa meusi kwenye godoro

Huyu ni kunguni mpaka ithibitike vinginevyo. Tafuta madoa madogo meusi yanayofanana na nukta za kalamu ya wino kwenye mishono ya godoro na kwenye mbao. Hicho ni kinyesi chake, na ukikigusa kwa kitambaa chenye maji kinasambaa na kuwa cha kahawia. Tafuta pia magamba mepesi ya rangi ya asali, alama za damu kwenye shuka, na mayai meupe ya kama milimita moja yaliyogandishwa ndani ya nyufa. Wakiwa wengi chumba hupata harufu tamutamu isiyopendeza.

Kunguni aliyekomaa ana milimita 4 hadi 6, unamwona vizuri. Wanaotupita machoni ni wachanga: wana milimita moja na nusu, wako karibu na kutoonekana rangi mpaka wanywe damu. Hana mabawa wala haruki. Anatembea, na anabebwa: kwenye begi kutoka gesti, kwenye tranka la mwanafunzi aliyerudi kutoka bweni, kwenye kochi la mtumba, kwenye kiti cha basi la safari ndefu. Nyumba safi inampata sawa na nyumba chafu, maana anachotafuta ni damu na ufa wa kujificha. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu aibu ndiyo inayowafanya watu wanyamaze, na kunguni hustawi majirani wakinyamaziana. Halafu ipo habari njema: haijathibitika kwamba kunguni anaambukiza binadamu ugonjwa wowote nyumbani. Anachokunyang'anya ni usingizi, na mikwaruzo ya kucha inaweza kuoza.

Silaha yake kubwa kuliko zote ni joto. Likipita nyuzi 50 anakufa upesi pamoja na mayai yake. Kwa hiyo shuka, foronya, nguo na mapazia yafuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 kwenda juu, kisha yapigwe pasi hasa kwenye pindo. Nguo zisizofulika ziingie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uufunge, uuweke juani juu ya sakafu ya saruji au bati mchana kutwa, zikiwa chache ili joto lifike katikati. Kitanda kifunguliwe chote, chaga moja moja, kipelekwe uani, na maji yanayochemka yamiminwe kwenye kila ungio na kila tundu la skrubu. Kitanda cha chuma cha bomba kina uwazi ndani: mimina na humo.

Godoro ni kazi nyingine. Wengi hulianika juani wakaamini limemalizika. Jua la pwani ni kali, lakini sifongo nene haipati joto la kutosha ndani, na kunguni huhamia upande wa kivuli. Kulianika si kosa, ila lisugue mishono kwanza kwa brashi ngumu, lipitishe pasi ya mvuke pole pole kama unayo, kisha livishe mfuko wa plastiki imara uliofungwa kila upande kwa selotepu pana. Waliobaki ndani watakufa njaa. Usiufungue kwa mwaka mzima, kwani kunguni mkubwa hukaa miezi bila kula.

Mwisho, tenga kitanda na ukuta. Kisogeze kiasi cha shubiri moja, shuka isiguse sakafu, na kila mguu wa kitanda uusimamishe ndani ya bakuli la plastiki. Kunguni wa nchi za joto, ambao ndio wengi kwetu, hupanda plastiki laini vizuri kuliko jamaa zao wa Ulaya, kwa hiyo pakaza ndani ya bakuli poda ya mtoto ili wateleze. Kagua mabakuli kila asubuhi. Wakinaswa wakitokea nje, maskani yao ni ukutani au kwenye kochi. Wakinaswa wakitokea mguuni, bado wako kitandani.

Kunguni walipungua, kisha wakarudi

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na sababu huwa mojawapo ya hizi.

Walirudi baada ya siku 7 hadi 14? Hayo ni mayai. Dawa nyingi za kupulizia hazipenyi ganda, na katika joto letu yai huanguliwa ndani ya wiki moja au siku kumi hivi. Kazi yote ya maji ya moto na brashi irudiwe siku ya 10 hadi 14, halafu tena baada ya wiki mbili nyingine, hata kama hakuna aliyeumwa. Kupuliza mara moja na kungoja matokeo ni kuwapa nafasi ya kuzaa upya.

Hawakufa hata ulipowalowesha kwa dawa? Dawa nyingi za dukani ni za jamii ya pairethroidi, na kunguni wa sehemu nyingi duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, wameshazizoea. Ndiyo maana chandarua chenye dawa, ambacho zamani kiliwaua pamoja na mbu, leo wanajificha kwenye pindo zake. Kiendelee kutumika kwa ajili ya malaria, ila ukikague. Kuongeza kipimo cha dawa ileile hakusaidii. Badili jamii ya dawa kwa ushauri wa mtaalamu, au tegemea joto na kuwatenga.

Walihamia chumba cha pili? Dawa ya kufukiza au ya kopo huwakimbiza kupitia nyufa, soketi za umeme na dari. Kama umepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, kupuliza peke yako ni kumpelekea jirani, naye atakurudishia. Ongeeni, mfanye siku moja.

Vipele ni miguuni tu, kuanzia kifundo kwenda chini ya goti

Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea polepole ndani ya nyumba dakika kumi, hasa penye zulia, mkeka na mahali anapolala paka au mbwa. Viroboto wataonekana dhahiri juu ya weupe: vidoa vyeusi vya milimita 2 au 3 vinavyoruka. Njia nyingine ni beseni la maji yenye sabuni sakafuni usiku, na taa ndogo juu yake. Wanaufuata mwanga na joto, wanatumbukia.

Unaowaona ni sehemu ndogo ya walioko. Wengine ni mayai, mabuu wadogo weupe na vifuko vilivyolala kwenye vumbi la nyufa na chini ya zulia. Kifuko kinaweza kungoja wiki hata miezi, kisha kikafunguka kinapohisi mtikisiko na pumzi ya mtu. Ndiyo sababu ya kile kisa cha familia kurudi kutoka likizo, nyumba ilikuwa kimya mwezi mzima, na mara wanashambuliwa mlangoni.

Basi kazi iwe sakafuni. Fagia na kupiga deki kila siku kwa wiki tatu, ziba nyufa za saruji, mikeka ikung'utwe mbali na nyumba na ianikwe, na vumbi lichomwe au lifungwe kwenye mfuko. Mnyama atibiwe siku hiyohiyo na daktari wa mifugo. Tafadhali msimpake paka dawa ya mbwa: nyingi zina pamethrini kali, na kwa paka hiyo ni sumu ya kuua.

Kama hakuna paka wala mbwa, fikiria panya. Na hapa niwe mkali. Ukiona panya wanakufa ovyo ndani au jirani na nyumba bila kutegwa sumu, na viroboto wameongezeka, usiwaguse kwa mikono. Viroboto huacha mzoga na kutafuta damu nyingine, na hiyo ndiyo njia ya tauni. Wilayani Lushoto tauni iliingia mwaka 1980 na kuvisumbua vijiji vya Usambara kwa zaidi ya miaka 20, na Ituri, Congo, bado inaonekana. Toa taarifa kwa afisa afya, na mwenye homa na uvimbe wa mtoki apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Utaratibu wa kudhibiti ni viroboto kwanza, panya baadaye. Ukianza na panya unawaachia viroboto wenye njaa.

Yupo pia kiroboto anayezama mguuni, funza au tekenya. Dalili yake ni doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati, kando ya kucha au kisiginoni, na huwa penye sakafu ya vumbi au mchanga. Msichokonoe kwa pini moja mtu na mwenzake. Mafuta ya dimetikoni hospitalini humziba pumzi bila kuchana nyama.

Vinukta vinatembea mwilini, hasa chumba kilicho karibu na banda au chini ya paa lenye ndege

Wafugaji wanawajua: utitiri. Mtu ameokota mayai asubuhi, baada ya dakika chache anahisi kitu kinatambaa kwapani na kiunoni. Wadudu hawa ni wa kuku na ndege. Binadamu wanamuuma wakikosa mwenyewe, kwa hiyo swali la kuuliza ni: ndege wao wamekwenda wapi? Mara nyingi kuku wameuzwa wote wiki iliyopita na banda limebaki tupu ukutani kwa jikoni, au makinda ya njiwa au shomoro wameruka kiotani kwenye kenchi, na utitiri wenye njaa wanashuka kupitia tundu la taa kwenye dari.

Fuata njia yao. Bandika selotepu, upande wa gundi ukitazama nje, kuzunguka dirisha, tundu la taa na kizingiti. Mahali zitakaponata nukta nyingi ndiko mlango wao. Kiota kilichohamwa kitolewe kwa glavu na barakoa, kiingie mfukoni na kuchomwa, na tundu lizibwe. Mkaribie kiota chenye makinda kwa subira, msubiri waruke, kwani ukiwaondoa leo utitiri wote wanaingia ndani leo.

Bandani, kumbuka kwamba utitiri mwekundu hamkai kuku mchana. Anajificha kwenye nyufa za mbao na chini ya vichanja, anatoka usiku. Kumpaka kuku dawa na kuliacha banda ni kazi nusu. Toa matandiko yote uyachome, sugua vichanja kwa maji ya moto na sabuni, pitisha moto mwepesi kwenye sehemu za chuma, kisha paka chokaa nzito ukiisukumia ndani ya nyufa. Kuku wapewe shimo la majivu makavu na mchanga wajioge. Dawa ya unga ya kuku muulize afisa mifugo, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kula mayai. Rudia baada ya wiki moja.

Ndani ya nyumba utitiri hawatazaliana kwa damu ya binadamu peke yake. Ukishaondoa ndege na kiota, deki na kufua kwa wiki chache kutawamaliza.

Familia nzima inajikuna, usiku inazidi, na kitandani hakuna kitu

Angalia katikati ya vidole, viganja mahali vinapopindia, viwiko, kwapa, kiuno, matiti, sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga angalia na nyayo, viganja na kichwa. Ukiona vipele vidogo na vijistari vyembamba vilivyopinda, huo ni upele. Mdudu wake ana kama theluthi moja ya milimita, anachimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Mgonjwa wa kawaida hana zaidi ya wadudu 10 hadi 15 mwili mzima, ndiyo maana hutawanasa kwa selotepu. Kinachowasha ni mwili kuwakataa, na kwa anayeupata mara ya kwanza kuwashwa huanza baada ya wiki 4 hadi 6. Muda wote huo ameshawaambukiza aliolala nao.

Kutokana na hilo, kosa linalorudisha upele ni kumtibu anayejikuna peke yake. Watibiwe wote wa nyumba moja, siku moja, hata bibi ambaye hajikuni. Vituo vya afya hutoa emalshoni ya benzili benzoeti, ile dawa nyeupe inayochoma kidogo, au krimu ya pamethrini ya asilimia 5, na pengine vidonge vya ivamektini. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, na watu husahau chini ya kucha, kitovuni na nyayoni. Kwa watoto dawa nyeupe huchanganywa na maji kwa kipimo atakachosema mhudumu. Mjamzito na mtoto chini ya kilo 15 wasipewe ivamektini bila daktari. Krimu na vidonge hurudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Nguo na shuka za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi, au zifungwe mfukoni kwa wiki. Nje ya mwili mdudu huyu haishi zaidi ya siku mbili au tatu, kwa hiyo hakuna haja ya kupuliza kuta. Baada ya tiba kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne. Msijipake tena na tena mkadhani imeshindwa, dawa ikizidi nayo huwasha. Vikitokea vijistari vipya baada ya mwezi, rudini kituoni.

Nyumba ya udongo, na homa inayokwenda na kurudi

Papasi ni kupe laini wa rangi ya udongo, anafika milimita 8 na zaidi, anaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Anatoka usiku, ananyonya kwa nusu saa hivi, anarudi ufani kabla hujaamka, hivyo wengi hawamwoni. Dodoma na sehemu nyingine za kati ya Tanzania wanamjua vizuri. Anabeba homa ya papasi: homa kali siku tatu hivi, inaacha, baada ya wiki inarudi. Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyechunguza kazi ya papasi huko Congo, aliugua homa hiyohiyo akafariki Kasongo mwaka 1905.

Ukiwa na homa ya namna hii na kipimo cha malaria cha haraka kinasema hakuna, omba damu iangaliwe kwa darubini, na mweleze mhudumu kuwa unalala nyumba ya udongo. Inatibika kwa antibayotiki, lakini kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa kilichomo tumboni, asisubiri.

Papasi anaweza kukaa miaka bila damu, hivyo kuhama chumba kwa muda hakumwondoi. Kinachomwondoa ni kumnyima ufa: sakafu ya saruji, kuta zilizokandikwa na kulainishwa, kitanda kilichoinuka mbali na ukuta badala ya mkeka chini, na chandarua kilichochomekwa.

Chafya na pua kuziba kila asubuhi, bila kipele hata kimoja

Wadudu wa vumbi hawaumi. Hawaonekani kwa macho, wanakula magamba ya ngozi tunayopukutisha, na kinachodhuru ni kinyesi chao tukikivuta. Mwenye pumu anabanwa kitandani na kupata nafuu akitoka nje. Wanahitaji unyevu, na hewa ya Unguja, Tanga au Mombasa inawapa tele. Fua matandiko kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, godoro na mito vivalishwe vifuniko visivyopitisha vumbi, zulia liondoke chumba cha kulala, madirisha yafunguliwe mchana. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Dawa ya kupulizia hapa ni madhara matupu kwa mtu ambaye kifua chake tayari kinabana.

Vidudu vyeupe laini kwenye vitabu, au ukutani kwenye plasta mpya

Hivi haviumi na havileti ugonjwa. Vinakula ukungu. Kausha chumba, rekebisha bomba linalovuja, anika vitabu kivulini penye upepo, vitapotea vyenyewe.

Kwenye unga, mchele na mahindi

Mwenye pua ndefu ni fukusi. Mdudu mwekundu wa kahawia kwenye unga, bapa, bila pua, ni mbawakavu wa unga. Mahindi yakigeuka vumbi jeupe haraka ajabu, huyo ni dumuzi, aliyeingia Tanzania kutoka Amerika ya Kati na kujulikana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unga ukipata vumbi la kahawia linalotikisika lenyewe na harufu kama ya nanaa, ni utitiri wa unga, na unga huo utupwe, kwa maana unaweza kumletea mlaji mzio.

Fukusi wachache kwenye mchele hawana sumu: anika, pepeta, osha, pika. Cha maana ni kusafisha pembe za debe na kabati kabla ya kuweka chakula kipya, na kukausha mahindi vizuri kisha kuyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hukosa pumzi wakafa. Kama una friza, unga ukae humo siku nne kabla ya kuingia kabatini.

Kuhusu dawa zenyewe

Vile vidonge vya kuhifadhia nafaka vinavyotoa gesi ya fosfini visiingie chumba cha kulala kwa sababu yoyote. Watu huvitumia kwa kunguni, na gesi hupenya ukuta na dari hadi kwa jirani aliyelala. Haina dawa ya kuizimua hospitalini. Kama umesoma mpaka hapa na utakumbuka sentensi moja, naomba iwe hiyo.

Chupa isiyo na lebo inayouzwa stendi au sokoni uiache, hata kama "inaua papo hapo". Dawa halali ina jina la kiambato, maelezo ya matumizi na namba ya usajili: Tanzania ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya ni ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu. Mafuta ya taa na petroli kwenye godoro ni moto unaosubiri kiberiti. Dawa za shambani hazikukusudiwa mahali mtoto anapoweka shavu. Mkimwita mpulizaji, muulizeni anatumia nini na mrudi baada ya muda gani, na mtu akisema mara moja inatosha kwa kunguni, tafuta mwingine.

Umetafuta kote, hujanasa kitu

Kagua usiku mara kadhaa zaidi, mabakuli na selotepu vikae wiki mbili. Bila ushahidi, usipulize. Fikiria mbu na usubi wanaoingia magharibi kabla chandarua hakijashushwa. Fikiria sabuni mpya ya unga, mafuta mapya, ukavu wa ngozi. Kuwashwa mwili mzima kwa wiki nyingi kunaweza kutoka ndani: kisukari, ini, figo, au virusi vya UKIMWI ambavyo vina vipele vyake vya kuwasha. Hayo yote yanapimika. Nenda kituo cha afya na karatasi yako ya selotepu hata kama ina vumbi tu, na mtajie mhudumu kila dawa uliyokwisha kupuliza au kujipaka, kwa jina lililo kwenye kopo.